Kabla ya Kupakia Msimbo, Andika Sababu

Mwanagenzi wa programu za kompyuta, awe chuoni Dodoma, Nairobi au Kampala, au anajifunza mwenyewe nyumbani kwa video za YouTube, hakawii kupewa ushauri huu: fungua akaunti ya GitHub, pakia kazi zako, waajiri wakuone. Ushauri huo una ukweli wake. Januari 2023 GitHub ilitangaza kuwa imefikisha watumiaji milioni 100, na karibu kila kampuni kubwa ya teknolojia ina walau sehemu ya kazi zake humo. Tatizo ni kwamba unaanzia mwisho. Unamhimiza mtu aonyeshe kazi kabla hajajua kuiwekea kumbukumbu, na ndiyo maana akaunti nyingi za wanaoanza zimejaa faili zilizomwagwa kwa mkupuo mmoja chini ya maneno kama “kazi ya kwanza” au “nimebadilisha”, maneno ambayo hata mwenyewe akiyarudia baada ya miezi sita hayamwambii chochote. Ninachotetea hapa ni mpangilio tofauti. Jambo la kwanza la kujifunza kwenye huduma hizi ni kuandika sababu ya kila badiliko, na kuiandika mahali ambapo itasafiri pamoja na msimbo wenyewe. Kuonekana kutafuata, na kukifuata kutakuwa na kitu cha kuonyesha.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya. Git ni programu inayokaa kwenye kompyuta yako na kuweka kumbukumbu ya kila badiliko unalolihifadhi ndani ya folda fulani. GitHub ni huduma ya mtandaoni inayotunza nakala ya folda hiyo pamoja na kumbukumbu zake, ikawawezesha wengine kuiona, kuinakili na kupendekeza marekebisho. Folda ya namna hiyo nitaiita ghala. Wenyewe wenye kazi yao huiita repo. GitHub ilizinduliwa mwaka 2008 huko San Francisco, na mwaka 2018 Microsoft ikainunua kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 7.5 za Marekani. Haiko peke yake: kuna GitLab, kuna Bitbucket, na kuna Codeberg ya Ujerumani inayoendeshwa na chama kisichotafuta faida. Anayejua kutumia Git huhama kutoka huduma moja hadi nyingine bila kujifunza upya. Anayejua vitufe vya tovuti ya GitHub peke yake hana pa kuhamia, na hilo tu lingetosha kumfanya mtu aanze na Git.

Git yenyewe ilizaliwa kwa dharura. Wataalamu wa Linux waliokuwa wakiandika kiini cha mfumo huo walikuwa wakitumia BitKeeper, programu ya kibiashara waliyoruhusiwa kuitumia bure. Mwaka 2005 ruhusa hiyo iliondolewa, baada ya mzozo kuhusu zana aliyoitengeneza mtaalamu wa programu Andrew Tridgell ya kusoma data za BitKeeper bila kupitia programu yenyewe. Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini aliyeianzisha Linux mwaka 1991, aliweka kazi yake kando mwezi wa Aprili akaandika programu mbadala, na ndani ya siku chache programu hiyo ikawa inatunza kumbukumbu za msimbo wake yenyewe. Julai ya mwaka huohuo akaikabidhi kwa mwanaprogramu mwenzake, Junio Hamano, aisimamie. Kilichokuwa kikiwasumbua watu hawa hakikuwa nafasi ya kuhifadhia faili. Walikuwa maelfu, wengi hawajawahi kuonana, wakitumiana marekebisho kwa barua pepe kutoka kila pembe ya dunia, na kila msimamizi alipaswa kuamua kama rekebisho la mtu asiyemjua liingie au likataliwe. Msingi wa uamuzi huo ulikuwa, na hadi leo ni, maelezo yanayoambatana na rekebisho: tatizo ni lipi, na kwa nini hii ndiyo tiba. Kwenye Linux rekebisho lisilojieleza hurudishwa kwa mwenyewe hata kama linafanya kazi.

Mahitaji hayo yameacha alama kwenye umbo la Git. Kila unapohifadhi, unatengeneza kitu ambacho vijana hukiita komiti. Ndani yake mna hali ya faili zote kwa wakati ule, jina na barua pepe ya aliyefanya kazi, tarehe, kiungo cha komiti iliyotangulia, na ujumbe wa maneno. Vyote hivyo kwa pamoja hupigiwa hesabu na kuzaa utambulisho wenye herufi na tarakimu 40. Ukibadilisha herufi moja tu kwenye ujumbe wa zamani, utambulisho wa komiti ile unabadilika, na wa zote zilizoifuata unabadilika pia. Maana yake ni kwamba ujumbe umefungwa pamoja na msimbo, na anayejaribu kuuchezea kimyakimya atagundulika na kila mwenye nakala. Walioiunda Git wangeweza kuufanya ujumbe uwe nyongeza ya hiari inayokaa pembeni. Hawakufanya hivyo, na ukiacha sehemu ya ujumbe wazi, Git kwa kawaida hukataa kuhifadhi.

Tuchukue mfano mdogo. Kijana ameandika programu ya kukokotoa mikopo ya kikoba cha mtaani kwao. Kuna mstari unaosema riba = mkopo * 0.1, naye anaubadilisha uwe riba = salio * 0.1. Git itauonyesha mstari wa kwanza kwa rangi nyekundu na alama ya kutoa, wa pili kwa kijani na alama ya kujumlisha. Kilichobadilika kila mtu anakiona. Kwa nini kimebadilika, hakuna anayeweza kujua kwa kutazama mistari ile. Ilikuwa hitilafu tangu mwanzo? Wanachama walipiga kura? Kijana ameamua kwa kichwa chake? Ujumbe wa “nimerekebisha riba” hausaidii, kwa kuwa hilo tayari tunaliona. Sasa soma huu: “Hesabu riba kwa salio lililobaki. Mkutano wa wanachama umekataa riba ya mkopo mzima. Mikopo iliyotolewa kabla ya Machi inabaki kwenye utaratibu wa zamani.” Mwaka mmoja baadaye mwanachama mmoja analalamika kwamba amekatwa zaidi ya mwenzake. Katibu, au kijana mwingine aliyerithi programu, anatumia amri ya git blame, ambayo huonyesha kila mstari na komiti ya mwisho iliyougusa, anasoma ujumbe wa komiti hiyo na hapo hapo anapata jibu. Mhazini mzuri wa kikoba hafuti kosa kwa wino mweupe. Huchora mstari juu yake, akaandika tarakimu sahihi kando, akatia saini. Git ilitengenezwa kwa tabia hiyohiyo, lakini saini bila maelezo haimsaidii anayekagua daftari.

Ukikubali hoja hiyo, hatua za kuanza zinajipanga zenyewe, na nyingi hazihitaji akaunti yoyote. Weka Git kwenye kompyuta, iambie jina na barua pepe yako, ingia kwenye folda ya kazi yako na uandike git init. Kabla ya msimbo kuongezeka, andika faili la README kwa lugha nyepesi: programu inafanya nini, ni ya nani, inaendeshwaje. Kisha fanya kazi kidogo kidogo. Kila badiliko lenye sababu moja liwe komiti moja. Ukijikuta unaandika “na pia” katikati ya ujumbe, kuna komiti mbili zilizobanwa pamoja, zitenganishe. Tumia git diff kutazama ulichobadilisha, git add kuchagua kinachoingia, git commit kukihifadhi. Mstari wa kwanza wa ujumbe uwe mfupi, uache mstari mmoja wazi, halafu ueleze sababu kwa urefu unaohitajika. Fanya hivyo hadi uwe na historia unayoweza kumsomea mtu mwingine naye akaelewa kazi ilivyokwenda.

Hapo ndipo ufungue akaunti, utengeneze ghala tupu mtandaoni na upeleke kazi kwa git push. Tahadhari moja ya kiufundi: tangu Agosti 2021 GitHub haikubali nywila ya kawaida unapopeleka kazi kwa njia hii. Inataka ufunguo wa SSH au tokeni unayoitengeneza kwenye mipangilio ya akaunti, na wanagenzi wengi hukwama hapo wakidhani wamesahau nywila zao. Njia ya mkato ipo, nayo ni kuburuta faili kwenye ukurasa wa tovuti. Ukiitumia bila kuandika neno, GitHub inakuandikia yenyewe ujumbe wa Kiingereza unaosema tu kwamba faili zimeongezwa kwa kupakiwa. Ghala lenye ujumbe huo mara kumi mfululizo ni dalili ya mtu aliyeonyeshwa kitufe bila kuelezwa kazi yake.

Kwa nini nasisitiza sababu iandikwe ndani ya komiti, wakati huduma hizi zina kurasa nzuri za majadiliano, za kuripoti hitilafu na za kutoa maoni? Kwa sababu vitu hivyo viwili havikai mahali pamoja. Komiti na ujumbe wake vimo ndani ya Git, kwa hiyo kila anayechukua nakala kamili ya ghala anavipata vyote tangu siku ya kwanza. Majadiliano yamo kwenye kanzidata ya kampuni. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, akihangaika usiku na hitilafu, alifuta data kwenye seva isiyo sahihi. Njia kadhaa za akiba zilizodhaniwa kuwa zinafanya kazi zilikutwa hazifanyi, na kampuni ikaokolewa na nakala iliyochukuliwa takriban saa sita kabla. Kwa hesabu ya GitLab yenyewe, tukio hilo liliathiri miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na watumiaji wapya kama 700. Maghala ya Git yenyewe hayakupotea. Aliyekuwa ameandika sababu kwenye maoni ya siku ile aliipoteza, aliyeiandika kwenye komiti hakupoteza kitu. Sijui ushahidi mwingine unaoieleza tofauti hii kwa uwazi kiasi hicho, na sifa ziwaendee GitLab kwa kuuanika mkasa wao hadharani bila kuficha.

Huduma nazo hufa. Google Code, iliyoanza mwaka 2006 ikiwa na jina kubwa nyuma yake, ilitangaza kufungwa mwaka 2015 na ikafungwa Januari 2016. CodePlex ya Microsoft ikafuata mwaka 2017. Na huduma iliyo hai inaweza kukufungia mlango kwa sababu zisizokuhusu: Julai 2019 GitHub iliwawekea vizuizi watumiaji walioko Iran, Syria na Crimea kwa ajili ya vikwazo vya Marekani, wengine wakajikuta hawafikii hata maghala yao ya faragha. Kwa upande wa Iran kibali cha kuwarudishia huduma kamili kilipatikana Januari 2021, mwaka mmoja na nusu baadaye. Anayeniambia kwamba ni hatari kuweka kazi zetu kwa kampuni ya ng’ambo ana hoja, lakini hoja hiyo inaongeza uzito kwenye ninachosema. Kampuni inaweza kuchukua nyota, wafuasi na maoni yako. Nakala iliyo kwenye kompyuta yako, pamoja na kila sababu uliyoiandika ndani yake, haiwezi kuifikia.

Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kulizingatia hili, nayo ni kwamba miradi yetu mikubwa imeishi muda mrefu kuliko ajira za walioianzisha. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kubuniwa mwaka 2004 na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret, Kenya, katika huduma za wagonjwa wa Virusi vya Ukimwi. Leo mifumo ya KenyaEMR na UgandaEMR imejengwa juu yake, na msimbo wake uko GitHub kwa yeyote kuusoma. Programu ya Ushahidi iliundwa kwa ajili ya Kenya ndani ya siku chache mwezi wa Januari 2008, katikati ya machafuko yaliyofuata uchaguzi, ili wananchi waripoti matukio kwa simu na mtandao; miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Programu inayohesabu vidonge vya mgonjwa ikipita mikononi mwa watu wengi kwa karibu miongo miwili, swali la “nani aliamua hivi na kwa nini” linakuwa la usalama wa mgonjwa. Aliyeandika mstari huo pengine amehama nchi au ameacha kazi. Anayetaka kujifunza asiishie kwenye mazoezi ya darasani. Afungue historia ya mradi kama huu, achague faili moja, na asome jinsi lilivyobadilika komiti hadi komiti. Ataona ujumbe mzuri na mbovu, na atajua mwenyewe upi umemsaidia.

Nitajibiwa kwamba mwajiri hana muda wa kusoma historia, na kwamba anachotazama ni ule mchoro wa vimraba vya kijani kwenye ukurasa wa mtumiaji, unaoonyesha siku alizofanya kazi. Wapo waajiri wa aina hiyo. Lakini vimraba vile havithibitishi kitu. Git humruhusu mwandishi kuweka tarehe yoyote anayoitaka kwenye komiti, na watu wamekwisha kuchora maneno na picha kwenye mchoro huo kwa komiti tupu. GitHub yenyewe iliona mwelekeo mbaya, mwaka 2016 ikaondoa hesabu ya siku mfululizo. Na kinachotokea watu wanapofundishwa kufukuzia kuonekana tulikiona Oktoba 2020. Kampuni ya DigitalOcean ilikuwa na kampeni ya kila mwaka ya kutoa fulana kwa atakayetuma maombi manne ya kuunganisha marekebisho kwenye miradi huria. Mwaka ule wasimamizi wa miradi, wengi wao wakijitolea jioni baada ya kazi zao, walifurikiwa na maombi yaliyoongeza maneno ya sifa tupu kwenye faili la README, kwa kuiga mfano ulioonyeshwa kwenye video. Siku chache tu baada ya kampeni kuanza, waandaaji walilazimika kubadilisha kanuni ili ihesabiwe miradi iliyokubali kushiriki peke yake. Wengi waliotuma maombi yale walikuwa wanagenzi walioambiwa kwamba shughuli ni kuonekana umeshiriki. Hakuna aliyewaambia kwamba upande wa pili yuko mtu anayepaswa kusoma.

Mwajiri makini, ambaye ndiye unayemtaka, hufungua mradi mmoja. Akikuta komiti thelathini ndogo zinazoeleza ulikwama wapi, ulijaribu nini na kwa nini ulirudi nyuma, ameshajua mengi kuhusu jinsi utakavyofanya kazi na wenzako. Akikuta programu kubwa nzuri iliyoingia yote kwa komiti moja, hana njia ya kujua kama umeiandika au umeinakili.

Pingamizi la gharama ya bando halinipi shida sana. Kazi yote ya Git, kuanzia kuhifadhi hadi kutafuta kwenye historia, hufanyika bila intaneti. Unahitaji mtandao pale tu unapopeleka au kupokea, na hapo inasafirisha kile ambacho upande wa pili hauna. Mtu anaweza kufanya kazi wiki nzima kijijini na kupeleka komiti zake zote Jumamosi akiwa mjini. Kinachokula bando ni picha, video na mafaili makubwa ya data, ambayo mahali pake si huko, na faili lolote linalozidi MB 100 GitHub hulikataa.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama, kwa sababu linaigeuza hoja yangu. Ikiwa historia haisahau, basi haisahau hata ulichotamani isahau. Kijana anayeunganisha programu yake na malipo ya M-Pesa hupewa funguo za siri za kutambulisha programu hiyo. Akiziandika ndani ya msimbo na kuzipeleka kwenye ghala la wazi, zimekwenda. Kuufuta mstari kesho hakusaidii, kwani komiti ya jana bado inao, na zipo programu zinazopekua GitHub saa zote zikitafuta funguo za namna hiyo. Dawa ya haraka ni moja: batilisha ufunguo huo kwa aliyeutoa na upate mwingine, kusafisha historia kufuate. Kinga ni kuweka siri kwenye faili la pembeni na kulitaja faili hilo ndani ya .gitignore kabla ya komiti ya kwanza, ili Git isiliguse. Uangalifu uleule uende kwa barua pepe yako, ambayo huonekana kwenye kila komiti ya wazi. GitHub ina anwani mbadala ya kuificha, iwashe. Na maghala ya faragha ni bure tangu Januari 2019, kwa hiyo hakuna ulazima wa kuanza hadharani. Hata hivyo, angalia ni nani anayevujisha funguo. Mara nyingi ni yule anayekusanya faili zote na kuzipeleka bila kutazama. Anayefanya komiti ndogo na kulazimika kuandika sababu ya kila moja hupitia git diff kwanza, na ufunguo uliolala kwenye mstari mwekundu au wa kijani anauona.

Kuhusu wizi wa kazi, jibu ni leseni. Ghala la wazi lisilo na leseni haliwapi wengine haki ya kuutumia msimbo wako. Wanaruhusiwa kuutazama na kuunakili ndani ya GitHub, basi. Ukitaka utumike, chagua leseni kama MIT au GPL na uweke faili lake mapema. Historia yenye jina lako na tarehe nayo itakusaidia kuonyesha kazi ilivyokua mikononi mwako, ingawa kwa yale niliyoyasema kuhusu tarehe, isichukuliwe kuwa ushahidi wa mwisho.

Lugha nayo huulizwa. Mradi wa kimataifa una lugha yake, na mara nyingi ni Kiingereza. Ukichangia huko, fuata utaratibu wa wenyeji. Lakini programu ya kikoba, ya duka la dawa Tandale au ya maktaba ya shule ya sekondari itasomwa na watu wanaofikiri na kubishana kwa Kiswahili. Sababu iliyoandikwa kwa Kiswahili kilichonyooka inamfaa msomaji wake kuliko Kiingereza cha maneno mawili kilichoandikwa kwa kuogopa makosa. Git haijali.

Mwisho kuna akili mnemba. Tangu Copilot ya GitHub ilipotangazwa Juni 2021, zana za kuandika msimbo zimeongezeka, na sasa zinaandika hata ujumbe wa komiti. Kwa nini basi mtu ajisumbue? Rudi kwenye mstari wa riba. Zana ile ikipewa mistari miwili itaandika kwa ufasaha kwamba hesabu ya riba imebadilishwa kutoka mkopo kwenda salio. Haitaandika habari za mkutano wa wanachama, kwa kuwa haikuwepo mkutanoni, wala mikopo ya kabla ya Machi, kwa kuwa hakuna aliyeiambia. Kadiri mashine zinavyozidi kuandika msimbo, ndivyo sehemu ya binadamu inavyozidi kuwa ile ya kujua ni kwa nini ulitakiwa uandikwe, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mwanagenzi anayefundishwa kupakia peke yake haifanyii mazoezi kabisa.

Sisemi kila komiti iwe insha. Kosa la tahajia lahitaji maneno matatu, na mtu anayejaribu jambo usiku peke yake ana haki ya kuandika ovyo kwenye tawi lake la majaribio, yaani mfululizo wa komiti ulio pembeni, alisafishe kabla ya kuliunganisha na la wenzake. Ninachoomba ni uwiano: uamuzi mkubwa upate maelezo yanayolingana nao.

Ombi langu la mwisho ni kwa vyuo. Mradi wa mwaka wa mwisho wa kompyuta mara nyingi hupimwa kwa ripoti iliyojalidiwa na onyesho la dakika chache mbele ya jopo, na wakaguzi hawana namna ya kujua kazi ilifanywa lini na ilipitia maamuzi gani. Mkufunzi anaweza kulibadilisha hili muhula ujao bila bajeti yoyote: adai ghala la Git tangu wiki ya kwanza ya mradi, asome komiti kumi alizozichagua mwenyewe, amuulize mwanafunzi kuhusu mbili, na atenge sehemu ya alama kwa majibu hayo.